Je, Wajua? Kigamboni Si Kisiwa

Je, wajua kuwa Kigamboni, ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam huihesabu kuwa kisiwa, imeungana na bara? Ni rasi. Ukipitia Mbagala na Kongowe utaingia Kibada bila kupanda pantoni. Ila mzunguko huo ni mrefu, na foleni ya Mbagala tunaijua.

Wajua kuwa Daraja la Nyerere, linalokupeleka Kigamboni, lina mita 680 na njia sita za magari? Rais Magufuli alilifungua tarehe 19 Aprili 2016. Kutoka Kariakoo unapita Gerezani, unashika Barabara ya Kilwa, unakunja Kurasini. Kukiwa hakuna foleni, hata chai ya chupa haijapoa. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ndiyo maana magari yanalipa tozo. Wanaotembea kwa miguu hupita bure, na kwa maoni yangu hao ndio wanaoufaidi mkondo wa bahari pale chini.

Je, wajua kuwa soko kuu la Kariakoo, mtaa unakoweza kununua matunda ya safari, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975? Liliungua Julai 2021.

Pantoni bado ina watu wake. MV Magogoni peke yake iliundwa kubeba abiria 2,000. Panda pantoni wakati wa kwenda, rudi kwa daraja.

Kisiwa hasa chenye daraja? Nenda Mombasa, Daraja la Nyali, la mwaka 1980. Au Rusinga, Ziwa Victoria, alikozikwa mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Sinda, kisiwa kilicho jirani na Kigamboni, hakifikiki ila kwa boti.

Wajua kuwa bomba la mafuta la TAZAMA linaanzia Kigamboni na kwenda kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia? Na kwamba mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mabomba ya mjini yakakauka, visima virefu vya Kigamboni vilianza kuleta maji upande huu? Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, nacho kiko hukohuko.

Je, wajua kuwa Kigamboni ina mji uliotangulia Dar es Salaam? Ni Mbuamaji, karibu na Gezaulole. Seyyid Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wakati huo Mbuamaji ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti, makaburi ya mawe na biashara yake ya baharini. Magofu yapo hadi leo. Magari yanayokwenda ufukweni kila Jumapili hupita jirani, na wengi waliomo hawajawahi kusikia jina hilo. Hili linaniuma, kwa sababu mtoto wa Kariakoo anafundishwa habari za Kilwa na Bagamoyo, ilhali mji mkongwe uko ng'ambo ya daraja tu.

Basi msomaji, ukivuka, kabla hujatandika mkeka ufukweni Mjimwema, fika Mbuamaji na watoto. Muulize mwenyeji akuongoze, vua viatu panapostahili, na usiruhusu mtu yeyote aandike jina lake kwenye kuta zile.