Gipsy Moth ya mbao: Ujenzi wa ndege ya mfano ya robo kipimo

Ndege ya mfano yenye ukubwa wa robo ya ndege halisi hujengwa kwa seti ya vipande vilivyokatwa kiwandani: mbavu za mabawa, fremu za kiwiliwili, fito, waya, na ramani yenye ukubwa uleule wa ndege inayojengwa. Kati ya ndege za zamani zinazofaa kazi hii ni De Havilland Moth, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1925. Kiwiliwili chake kilikuwa cha mbao na plaiwudi, na mabawa yake ya ghorofa mbili yalivikwa kitambaa. Toleo lake la Gipsy Moth lina historia Afrika Mashariki: Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilianza na ndege ya aina hiyo. Mji wa Mwanza nao uliingia kwenye njia za anga mwaka 1931, shirika la ndege la Imperial Airways lilipofikisha Ziwa Victoria safari zake kutoka London.

Mabawa ya Gipsy Moth yalikuwa na upana wa mita 9.14; ya mfano ni kama mita 2.3. Hata hivyo chumba cha kawaida cha Buhongwa, Mwanza, kinatosha, kwa kuwa kila upande wa bawa hujengwa peke yake juu ya meza ya mita moja na robo.

Kinachotawala kazi yote ni uzito. Urefu ukigawanywa kwa 4, eneo la mabawa hugawanyika kwa 16 na ujazo kwa 64. Gipsy Moth tupu ilikuwa na takriban kilo 417, hivyo mfano wake unapaswa kukaribia kilo 6.5. Ukizidi hapo, lazima uende kasi zaidi ndipo uinuke. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, kwa hiyo uzito wa ziada huonekana haraka.

Ndiyo maana mbavu hukatwa kwa balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao mita moja ya ujazo ya mbao zake zilizokauka huwa na kilo 100 hadi 200. Boriti za mabawa huhitaji mbao ngumu zaidi. Fito ya boriti ikivunjika, msonobari mkavu usio na vifundo, wenye nyuzi zilizonyooka, huziba pengo. Mninga ni mzito mno.

Ramani hutandazwa juu ya ubao ulionyooka na kufunikwa nailoni ili gundi isigande nayo. Boriti ya chini hubanwa kwa pini, mbavu husimamishwa juu yake, kisha boriti ya juu hufuata. Gundi nyeupe ya mbao hutosha kwa viungo vingi. Epoksi huwekwa pale penye injini na magurudumu. Wakati wa mvua gundi huchelewa kukauka na mbao hunyonya unyevu, hivyo bawa huachwa limebanwa mezani muda mrefu zaidi.

Pande mbili za kiwiliwili hujengwa moja juu ya nyingine ili zilingane, ndipo fremu ziziunganishe. Mkia hufanywa mwepesi kupita sehemu zote: pua ya Moth ni fupi, na kila gramu ya nyuma hudai gramu kadhaa za madini ya risasi mbele.

Kitambaa hubandikwa na kukazwa kwa pasi, juu na chini kwa zamu, maana upande mmoja ukitangulia kukazwa bawa hupinda. Eleroni, yaani vibawa vya kuinamisha ndege upande, huwekwa kwenye mabawa ya chini tu, kama kwenye Moth halisi.

Mwisho hupimwa mizani. Ndege ikiinuliwa kwa vidole, inapaswa kutulia sawa kwenye sehemu iliyowekwa alama kwenye ramani. Mkia ukilala, ndege haijawa tayari kuruka.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, hudhibiti vyombo vinavyoruka bila rubani, hivyo kibali hutangulia safari ya kwanza. Uwanja unaofaa ni ule ulio mbali na nyumba, nyaya za umeme na barabara kuu ya Shinyanga.