Nani Aweza Kuandikishwa Kuwa Raia wa Kenya?

Watu wa Kathonzweni, katika nchi ya Makueni, wanajua maana ya kuhamia mahali papya kwa masharti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilianza kufyeka pori la Makueni lililojaa mbung'o, ili Wakamba waliobanwa katika milima ya Machakos wapate mashamba. Aliyekubaliwa alitakiwa kulima kwa matuta na kutozidisha mifugo. Wengi walisita mwanzoni, wakihofu kwamba nchi ikisha kusafishwa wangenyang'anywa. Leo wajukuu wa waliokwenda ndio wenyeji.

Kuingia katika uraia wa Kenya nako kuna masharti yake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika sheria ya Kenya siku hiyo ya tatu huja baada ya miaka 7.

Masharti hayo yamo katika Katiba ya 2010 na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Mgeni anayeomba kwa sababu ya ukaazi sharti awe mtu mzima, na awe amekaa Kenya kwa halali miaka 7 mfululizo, pamoja na miezi 12 yote iliyotangulia ombi lake. Awe anafahamu na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Ajue haki na wajibu wa raia, na awe na nia ya kuendelea kukaa nchini. Asiwe amepata kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, wala kutangazwa na mahakama kuwa amefilisika. Tena ionekane kwamba aweza kuongeza jambo la maana katika maendeleo ya nchi.

Neno zito kupita yote hapo ni "kwa halali". Mtu aweza kukaa miaka 20 akipendwa na majirani, lakini siku alizokaa bila kibali hazihesabiwi.

Mgeni aliyeoana na Mkenya anayo njia nyingine: ndoa ikitimiza miaka 7 aweza kuomba. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya mke mgeni tu, wala mume mgeni hakuipata. Katiba ya 2010 iliwasawazisha. Ama mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya, yeye ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa.

Hasara ya kukosa hati waliionja Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, wengi wao hawakuandikishwa. Watoto na wajukuu waliozaliwa Kenya wakakua bila vitambulisho, wasiweze kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, wala kununua shamba kwa majina yao wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Wazee wa Ukambani hawakuwa na haja ya kuelezwa safari ya namna hiyo, kwa maana mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao waliochukuliwa kwa nguvu. Rais aliagiza Wamakonde wapewe vitambulisho kabla ya Desemba 2016 kwisha. Sheria ya 2011 ilikuwa imekwisha kufungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokaa Kenya tangu siku ya Uhuru.

Wamakonde walingoja zaidi ya miaka 50. Basi mwenye mke, mume au mkwe mgeni nyumbani na amkumbushe mapema kutunza vibali vyake vyote na cheti cha ndoa, na kuandikisha kila mtoto azaliwapo. Jirani aweza kushuhudia kwamba fulani ni mtu mwema. Lakini miaka aliyokaa kwa halali hushuhudiwa na karatasi.