Neno "Kuluna": Maana Yake na Asili Yake

Neno "kuluna" ni la Kinshasa, lakini limekwisha kufika mashariki. Kijana wa Nyamitaba akirudi toka Goma na tabia ya ugomvi, upesi watu watamwita hivyo. Inafaa basi sisi wenye kufundisha tulijue neno hili kabla ya kulitumia.

1. Maana. Kuluna ni kijana wa kundi la mtaani, lenye kushika mapanga, kunyang'anya wapita njia na kupigana na kundi la mtaa mwingine. Uovu huo hatuufichi. Mama aliyekatwa mkono kwa ajili ya telefone yake ana haki ya kulindwa.

2. Asili. Walio wengi wanalitoa katika neno la Kireno "coluna", yaani safu ya watu, hasa ya askari wanaokwenda pamoja. Kireno kinasemwa Angola, na katika miaka ya 1990 vijana wengi wa Kongo walivuka mpaka kwenda Lunda Norte kutafuta almasi, wakati nchi ile ilikuwa katika vita. Ndiyo njia ya neno. Tuone sasa lilivyogeuka: kwanza lilikuwa jina la safu nzima, na leo tunasema "kuluna mmoja". Jina la wengi limewekwa juu ya mtu mmoja.

3. Mfano wa zamani. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walipenda sinema za kauboi, wakajiita "Bill", kwa jina la Buffalo Bill wa Marekani. Walikuwa na makundi, na lugha yao ikaitwa hindubill. Wakubwa waliwaona kuwa wahuni tu. Lakini Padri Jozef de Laet, wa shirika la Scheut, aliwaendea, akajifunza lugha yao, nao wakamwita "Père Buffalo". Yeye hakudharau neno lao. Aliliingia kama mlango.

4. Hatari. Mwezi wa Novemba 2013 polisi wa Kinshasa walianza kazi iliyoitwa "Likofi", maana yake ngumi, ya kuwaondoa makuluna. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza, na katika mwaka 2014 likatangaza kwamba watu 51 au zaidi waliuawa, na 33 wakapotea. Wengine kati yao hawakuwa makuluna hata kidogo. Jina lilitosha kuwa hukumu: hapakuwa na shahidi wala hakimu.

5. Tufanye nini? Mwizi aitwe mwizi kwa tendo lake lililoshuhudiwa, naye ajibu mbele ya wenye haki ya kuhukumu. Lakini katekista asimwite mtoto kuluna mbele ya watu kwa sababu ya nguo, nywele au rafiki zake. Sisi wa Masisi tumeona mara nyingi jinsi jina la kundi likimwangukia mtu asiye na kosa. Na kijana anayefukuzwa kwa jina hilo atawatafuta wale wanaolipokea.

Kwa ubatizo alipewa jina lake mwenyewe. Tumwite kwa hilo, hata siku ya kumkaripia.