Chenji ya rada: Jinsi mkataba wa kijeshi ulivyozaa vitabu vya shule

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WABUNGE mjini hapa na wananchi wa kawaida walizoea kuziita "chenji ya rada". Ni Pauni milioni 29.5 za Uingereza, zaidi ya Sh70 bilioni kwa wakati huo, ambazo kampuni ya BAE Systems iliilipa Tanzania mwaka 2012.

Pamoja na umaarufu wa jina hilo, wengi hawafahamu kwa nini kampuni ya kutengeneza zana za kijeshi iliishia kugharimia vitabu na madawati ya shule za msingi.

Chanzo chake ni mkataba wa mwaka 1999, ambapo Serikali ilikubali kununua rada aina ya Watchman kwa karibu Dola milioni 40 za Marekani, sawa na Pauni milioni 28. Mazungumzo yalianzishwa na kampuni ya Siemens Plessey, ambayo biashara yake ilichukuliwa na BAE mwaka 1998. Fedha za ununuzi zilikopwa benki ya Barclays.

Mkataba huo uliigawa Serikali ya Uingereza. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Clare Short, aliupinga waziwazi, lakini Waziri Mkuu Tony Blair aliuunga mkono. Kibali cha kuiuza rada nje kilitolewa Desemba 2001, mwezi mmodi tu baada ya Tanzania kukamilisha masharti ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba nchi inayosamehewa madeni haipaswi kuingia deni jipya kwa chombo cha gharama hiyo.

Mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) waliuchambua mradi huo kwa ombi la Benki ya Dunia. Walibaini kuwa mtambo huo kimsingi ulikuwa wa kijeshi, ulikuwa wa bei kubwa, na usingeweza kuongoza vema ndege za kiraia bila kununuliwa vifaa vya ziada.

Baadaye ikabainika sababu nyingine ya kuhoji bei hiyo. Kwa mujibu wa maelezo yaliyofikishwa mahakamani London, kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 kampuni za wakala wa mauzo zililipwa takriban Dola milioni 12.4. Hiyo ni karibu theluthi moja ya thamani ya mkataba. Sehemu kubwa ilipitia Red Diamond, kampuni ya BAE iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza.

Hapa nchini, Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati wa ununuzi, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu Aprili 2008 baada ya taarifa za kuwapo zaidi ya Dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Alikanusha fedha hizo kuhusiana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa suala hilo.

Mwaka 2010 BAE ilifikia makubaliano na Taasisi ya Makosa Makubwa ya Jinai ya Uingereza (SFO). Haikushitakiwa kwa rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu zinazoeleza malipo ya wakala. Desemba 21 mwaka huo, Jaji Bean aliitoza faini ya Pauni 500,000, na kiasi kilichobaki katika Pauni milioni 30 kikawa cha Watanzania.

Lakini fedha hazikuja mara moja. Kampuni ilitaka kuzigawa kupitia bodi yake yenyewe, badala ya kuikabidhi Serikali. Juni 2011 ujumbe wa Bunge ukiongozwa na Job Ndugai, wakati huo Naibu Spika na Mbunge wa Kongwa, ulikwenda London kudai zilipwe Serikali. Mwezi uliofuata kamati ya Bunge la Uingereza nayo iliibana BAE kwa kuchelewesha malipo. Hati ya makubaliano ilitiwa saini Machi 2012, na fedha zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati.

Mwaka 2017 Tanzania iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada nne za kiraia, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Gharama yake ilizidi Sh60 bilioni, yaani karibu Dola milioni 30 kwa wakati huo. Mitambo hiyo si ya aina moja na ule wa kwanza, na teknolojia imebadilika. Hata hivyo, rada nne zilipatikana kwa fedha pungufu ya zile zilizonunua moja.

Chenji ilirudi, na watoto wakapata vitabu. Hata hivyo, kwa kuwa kosa lililokiriwa lilihusu vitabu vya hesabu tu, mahakama ya London haikutamka ni nani hasa aliyenufaika na mamilioni yale ya Dola. Swali hilo halikujibiwa na chenji.