Satyajit Ray, gwiji wa sinema ya Kihindi tusiyoizoea

UKIMWOMBA mkazi wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa mwenye umri wa kutosha akutajie filamu za Kihindi alizozipenda, huenda ataanza na Awaara ya mwaka 1951, atakuja kwenye Mother India ya 1957, kisha atamalizia na Sholay ya 1975. Pengine atakuimbia na nyimbo zake. Jina la Satyajit Ray halitatokea, wala si ajabu. Karibu filamu zake zote zilikuwa za Kibengali, na nyingi hazikuwa na ngoma za bustanini wala mapigano ya ngumi.

Hata hivyo, huyu ndiye aliyewafanya wapenzi wa sinema ulimwenguni waitazame India kwa jicho jingine. Siri yake ilikuwa moja: pale ambapo waongozaji wengine wangeongeza machozi, yeye aliyapunguza.

Ray alizaliwa Calcutta, mji unaoitwa Kolkata tangu mwaka 2001, tarehe 2 Mei, 1921. Baba yake, Sukumar Ray, alikuwa mwandishi maarufu wa watoto, lakini alifariki dunia mwanawe akiwa bado mdogo sana. Mwaka 1943 kijana huyo aliajiriwa kama mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara iliyomilikiwa na Waingereza. Kazi hiyo ilimpeleka London mwaka 1950, na huko aliitazama filamu ya Mtaliano Vittorio De Sica inayomhusu maskini anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa. Ilipigwa mitaani, na waigizaji wake wakuu hawakuwa wa kulipwa. Ray alirudi nyumbani akiwa ameshaamua la kufanya.

Alichagua riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali, inayosimulia maisha ya familia maskini ya kijijini Bengal: baba, mama, bibi kizee, binti Durga na mdogo wake Apu. Upigaji picha ulianza mwaka 1952, siku za mapumziko, katika shamba la maua meupe. Waliporejea wiki iliyofuata walikuta ng'ombe wameyala maua yote, ikabidi wasubiri msimu mwingine. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa na umri wa miaka 21 na hakuwahi kushika kamera ya sinema. Fedha zilipokwisha, Ray aliuza vitabu na santuri zake, na vito vya mkewe vikawekwa rehani.

Mwokozi alikuwa serikali ya jimbo la Bengal Magharibi. Kwa kuwa jina la filamu hiyo lina maana ya wimbo wa njia ndogo, fedha zilitolewa katika fungu la ukarabati wa barabara. Ni nadra fungu la barabara kutumika vizuri namna ile. Kazi ilichukua karibu miaka mitatu, na baadaye Ray alisema kilichomnusuru ni miujiza mitatu: sauti ya Apu haikubadilika, Durga hakukua, na bibi kizee, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80, hakufa.

Sasa tuitazame sehemu moja tu ya filamu hiyo. Durga amefariki kwa homa baada ya kunyeshewa na mvua za masika. Baba, aliyekwenda mbali kutafuta riziki, anarejea bila habari yoyote. Anatoa zawadi moja baada ya nyingine, na mkewe amenyamaza. Anapotoa sari aliyomletea Durga, mama anaangua kilio, lakini mtazamaji hasikii sauti yake. Badala yake inasikika ala ya nyuzi, kwa sauti kali ya juu, katika muziki wa Ravi Shankar. Baadaye Apu anaupata mkufu ambao dada yake alikana kuuiba. Hamwambii mtu. Anautupa bwawani, majani ya maji yanafunguka, kisha yanajifunga tena.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1955 na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo mjini Cannes. Ya pili katika hadithi ya Apu, Aparajito, ilipata Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1957. Ya tatu, Apur Sansar, ilitoka mwaka 1959.

Kwa msomaji wa mjini, labda Mahanagar ya mwaka 1963 ndiyo itakayomgusa zaidi. Mke anaanza kazi ya kuuza bidhaa nyumba kwa nyumba, mume anaona haya, kisha mume huyo anapoteza kazi yake benki. Hakuna mwovu katika hadithi hiyo. Kila mtu ana sababu zake. Humo pia ndimo alimoanzia binti aitwaye Jaya Bhaduri, ambaye baadaye aliolewa na Amitabh Bachchan. Amitabh mwenyewe ndiye msimulizi katika Shatranj Ke Khilari ya mwaka 1977, na Amjad Khan, yule Gabbar Singh wa Sholay, ameigiza humo kama mfalme mpenda mashairi.

Si wote waliompenda. Mwaka 1980 Nargis, nyota wa Awaara na Mother India, akiwa mbunge, alimlaumu kwa kuuza umaskini wa India ughaibuni. Kwa maoni yangu lawama hiyo haikuwa ya haki. Charulata ya mwaka 1964, ambayo wengi huiona kuwa kilele cha kazi yake, inamhusu mke mpweke katika nyumba ya kitajiri, anayewachungulia wapita njia kwa darubini.

Mwaka 1983 Ray alipata mshtuko wa moyo, na filamu chache zilizofuata zilipigwa zaidi ndani ya nyumba. Tuzo ya heshima ya Oscar aliipokea akiwa kitandani hospitalini Machi 1992, na tarehe 23 Aprili mwaka huohuo akafariki dunia.

Mwaka mmoja baadaye moto uliunguza maabara mjini London ilimokuwa mikanda asilia ya filamu zake. Ile ya Apu iliyoharibika haikutupwa. Mafundi waliirekebisha kipande kwa kipande, na Mei 2015 Pather Panchali ikaonyeshwa tena katika jumba la Museum of Modern Art mjini New York, palepale ilipoonyeshwa mara ya kwanza Mei 1955.