Umekatika au Umezimwa? Kauli za Kitenzi na Kutegemeka kwa Gridi ya Umeme

Giza linapoingia ghafla, wazungumzaji wa Kiswahili husema "umeme umekatika". Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendeka: hutaja hali bila kudokeza mtendaji. Kauli ya kutendwa, "umekatwa" au "umezimwa", huacha nafasi ya mtendaji. Makala haya yanaeleza kwa nini tofauti hiyo ya mofimu moja ina uzito katika kupima kutegemeka kwa gridi.

Kiuhandisi, kuna matukio matatu yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni hitilafu isiyotarajiwa: radi hupiga njia ya msongo mkubwa, au mti huigusa, na vifaa vya ulinzi huiondoa njia hiyo katika mfumo. Aghalabu waya wenyewe haujakatika. La pili ni kuzimwa kwa njia kwa ajili ya matengenezo yaliyopangwa. La tatu ni mgao, yaani wateja kupewa umeme kwa zamu kwa kuwa uzalishaji hautoshelezi mahitaji.

Mfano wa tukio la kwanza ulitokea Kenya tarehe 6 Septemba 2024. Kwa mujibu wa taarifa ya Wizara ya Nishati, njia ya kilovoti 220 kutoka Loiyangalani ilijitoa katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za umeme wa upepo. Kisha njia ya kutoka Ethiopia, iliyobeba megawati 200, nayo ikajitoa. Sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme. Kanuni ya upangaji wa gridi hudai kwamba mfumo ustahimili kupotea kwa kiungo kimoja. Swali la kisera, basi, ni kwa nini kupotea kwa kiungo kimoja kulifuatiwa na kupotea kwa cha pili. "Umeme umekatika" haizai swali hilo.

Athari yake huonekana katika takwimu. Kutegemeka hupimwa kwa wastani wa mara ambazo mteja hukosa umeme kwa mwaka, na kwa jumla ya saa anazoukosa. Matukio yote matatu yakiandikwa chini ya jina moja, msimamizi wa sekta hawezi kubaini kama fedha zielekezwe kwenye ulinzi wa njia, ratiba za matengenezo au mitambo mipya.

Tunapendekeza taarifa kwa umma zitumie "kukatika" kwa hitilafu pekee, zikitaja njia na chanzo. "Kuzimwa" kwa matengenezo. Na "mgao" kwa upungufu. "Kukatwa" kumekwisha kuzoeleka kwa mteja asiyelipa bili, hivyo kuachwe huko. Sasa ambapo njia ya kilovoti 400 kati ya Isinya na Singida imeunganisha gridi za Kenya na Tanzania, hitilafu ya upande mmja inaweza kuhisiwa upande wa pili. Istilahi za pamoja zitawawezesha wananchi wa pande zote mbili kujua ni nani wa kuulizwa.