Nani Akae na Kambale?

Kambale huelekea kumfaa sana mwalimu wa biolojia. Hupatikana katika mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, hula karibu kila anachopewa, na huvumilia safari ndefu ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Lakini anapotiwa katika tangi la kioo pamoja na samaki wengine, mara nyingi wenziwe hufa mmoja mmoja baada ya siku kadhaa, ilhali yeye yu mzima na bado anadai chakula. Watu husema amewauma. Pengine ni kweli, kwani kambale huwinda usiku akipapasa kwa sharubu zake, na kila kiingiacho kinywani humezwa. Ila samaki waliokufa wakikutwa hawana jeraha lolote, sababu yafaa itafutwe ndani ya maji.

Sehemu kubwa ya chakula cha samaki ni protini, na protini ina takribani asilimia 16 ya naitrojeni. Na ichukuliwe kwamba kambale mmoja hupewa kila siku gramu 10 za chakula chenye asilimia 30 ya protini. Hizo ni gramu 3 za protini, zenye miligramu 480 za naitrojeni. Kiasi fulani hujenga mwili. Kilichobaki hurudi majini, hasa kwa umbo la amonia inayotoka kupitia matamvua, yaani yale mashavu mekundu ya samaki. Ikiwa theluthi mbili hurudi, tangi la lita 200 hupokea miligramu 1.6 za naitrojeni kwa kila lita, kwa siku moja tu.

Hata hivyo, amonia yote haina ukali sawa. Ndani ya maji huwa katika hali mbili: amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua kwa urahisi na ni sumu, na ioni ya amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Uwiano wa hali hizo hutegemea hasa pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 pH ikiwa 7. pH ikiwa 8 huwa kama asilimia 5. pH ikifika 9 hupita asilimia 35. Hapa ndipo wengi hukosea. Wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza kutoka Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye pH iliyo karibu na 9. Wakiwekwa na mlaji mkubwa katika maji yanayowafaa wao, uchafu wake hugeuka sumu. Maji yakipunguzwa pH ili sumu ipungue, wao wenyewe hawaishi kwa raha. Ni ndoa isiyofaa tangu mwanzo, hata kama hakuna anayemwuma mwenziwe.

Kambale je, mbona hafi? Kwanza, mwili wake hustahimili amonia kuliko samaki wengi. Pili, juu ya matamvua yake mna kiungo chenye matawi kama mti mdogo, ambacho hufyonza oksijeni ya hewa. Mabaki ya chakula yanapooza na kumaliza oksijeni ya majini, yeye hupanda juu, hugugumia hewa, kisha hurudi chini. Kwa hiyo uzima wa kambale hauthibitishi chochote juu ya usafi wa maji. Mwenye tangi amtazame jirani yake.

Jirani anayefaa ni perege, awe na kimo kinachokaribia cha kambale. Perege naye huvumilia maji mabaya kwa kiasi, huchangamka mchana wakati kambale amejificha, na mwili wake mpana wenye miiba mgongoni haumezeki kwa urahisi. Watoto wake wataliwa. Wafugaji wa mabwawani huwafuga pamoja kwa sababu hiyo hiyo, ili perege wasizidi mno. Dume la perege nalo huchimba kiota na kuwafukuza wengine, hivyo yafaa pawe na mawe na vigae vya kujifichia.

Wapo wanaoongeza ngogogo ili “asafishe” sakafu ya tangi. Ngogogo hula mabaki, kisha naye hutoa amonia yake, uchafu hauondoki. Tena miiba yake hujifunga wima anaposhikwa, na inaweza kumkwama kambale kooni.

Kazi ya kuondoa amonia hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye chujio, wakiigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Huchukua muda wa majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha, kwa hiyo samaki wote wasitiwe siku moja. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kwanza.

Hesabu ifanywe kwa kimo cha baadaye, si cha siku ya kununua. Kambale wa sentimita 10 akifika sentimita 30, uzito wake huwa mara 27 hivi, na chakula chake huongezeka pia, ingawa si kwa kiwango hicho. Na kifuniko kiwekewe jiwe, maana kambale anaweza kutoka usiku na kujikokota sakafuni kwa mapezi yake ya kifuani mpaka mlangoni mwa maabara.